Bajeti Ilipopitishwa, Sisi Kina Mama Tulikuwa Wapi?

Kwa miaka kadhaa, mwanamke wa mtaa wetu aliyekwenda kujifungua katika zahanati iliyo karibu alifunga safari na vitu vitatu: kadi ya kliniki, kanga safi na mtungi wa maji wa lita 20. Kadi na kanga ni mambo ya kawaida. Mtungi ndio uliokuwa aibu yetu sote. Mfereji wa zahanati ulikauka siku nyingi kuliko zile uliotoa maji, na muuguzi hakuweza kunawa mikono, kuosha vyombo wala kusafisha chumba cha kujifungulia mpaka jamaa wa mgonjwa walete maji. Uchungu ukimshika mama usiku wa manane, mumewe aligonga kwanza mlango wa jirani kuomba maji, ndipo akatafute gari.

Tulilalamika sana. Tulilalamika harusini, hitimani, dukani, na kwenye baraza za nyumba zetu baada ya sala ya Magharibi. Tuliilaumu kaunti, tukamlaumu mwakilishi wa wadi, tukamlaumu hata muuguzi ambaye naye alikuwa akitaabika pamoja nasi. Kisha siku moja tukasikia kwamba bajeti ya mwaka imekwisha kupitishwa na kwamba wadi yetu imepata fungu la maendeleo. Fedha hizo zilikwenda kwenye taa za uwanja wa mpira.

Siku ile wengi wetu tuliamini kwamba tumedhulumiwa. Mwalimu mmoja wa madrasa akaamua kwenda ofisi ya wadi kuuliza, na jawabu alilolileta lilituinamisha vichwa. Mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi ulifanyika. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi, kwa Kiingereza. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Ijumaa kabla ya adhuhuri, saa ambayo jikoni kuna moto na watoto wanaandaliwa kwenda msikitini. Waliohudhuria wengi walikuwa vijana wa kiume, nao wakaomba kile walichokihitaji: mwanga uwanjani ili wacheze jioni. Hawakumdhulumu mtu. Ni watoto wetu wenyewe, na uwanja wenye taa ni bora kwao kuliko vichochoro vyenye giza. Kuhusu zahanati, hakuna aliyesema neno, kwa sababu hakuna aliyekuwapo ambaye amewahi kubeba ule mtungi. Wahenga walikwisha kutuusia: asiyekuwepo na lake halipo.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya familia ambazo bado zinalalamikia barazani mwa nyumba, zikidhani kwamba maneno hayo yatafika yenyewe kwenye baraza la serikali. Hayafiki. Maamuzi kuhusu maji, zahanati, soko, taa za barabarani na chekechea hufanywa kwa utaratibu unaojulikana, katika miezi inayojulikana, na sheria imetuwekea mlango wa kuingilia. Kazi yetu ni kuujua mlango huo na kuufikia mapema.

Kwanza, tujue ni mlango wa nani

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linagawanya majukumu baina ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Katika kaunti zetu sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, serikali ya kaunti ndiyo yenye dhamana ya vituo vya afya na hospitali za kaunti, magari ya wagonjwa, makaburi, uzoaji wa taka, masoko, barabara za kaunti, taa za barabarani, maktaba, viwanja vya michezo, fuo za bahari, huduma za maji na usafi, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Ukitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba karibu kila jambo ndani yake humgusa mama wa nyumbani kabla ya kumgusa mtu mwingine.

Yapo pia mambo yasiyo ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na vitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kivuko cha Likoni nacho kipo chini ya serikali ya kitaifa. Mama anayemfuata mwakilishi wa wadi kwa sababu paa la shule ya msingi linavuja amegonga mlango usio wake. Ingemfaa zaidi kuanzia kwa mwalimu mkuu, bodi ya shule na ofisi ya mbunge.

Maji yana mlango wa kwanza na wa pili. Mombasa hutegemea maji yanayotoka nje ya mipaka yake: Mzima katika kaunti ya Taita Taveta, Baricho katika kaunti ya Kilifi, Marere na Tiwi katika kaunti ya Kwale. Mabomba makubwa yanayoyaleta huendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa, ilhali usambazaji wa mitaani na ankara za kila mwezi ni kazi ya kampuni za maji za kaunti. Kwa hivyo mtaa mzima ukikauka pamoja na mitaa ya jirani, huenda tatizo liko mbali. Lakini jirani akiwa na maji nanyi hamna, tatizo liko karibu, na swali ni la kampuni ya kaunti.

Pili, tujue wakati

Maji yakimwagika hayazoleki, na bajeti ikishapitishwa ni vigumu kuirejesha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka vituo ambavyo kila kaunti inapaswa kuvipitia kabla ya kufika hapo.

Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umewasilishwa katika bunge la kaunti. Hapa ndipo miradi huanza kutajwa kwa majina na mahali pake. Kufikia tarehe 28 Februari, huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yenyewe yanatakiwa yawe mbele ya bunge la kaunti. Kamati ya bunge husikiliza maoni ya wananchi, kisha bunge hupitisha bajeti kabla ya Juni kumalizika.

Anayekuja mwezi wa Juni na ombi jipya la zahanati amekuja kula wakati sahani zimekwisha kuoshwa. Aliyekuja Agosti, kabla ya mpango wa mwaka kuandikwa, amekuta moto ndio kwanza unawashwa. Basi familia iandike tarehe hizi mahali inapoandika siku za kliniki na za mitihani ya watoto.

Ni vyema pia kuelewa kwamba fungu la maendeleo si kubwa kama watu wanavyodhani. Sheria inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti yao kwa maendeleo katika kipindi cha miaka ya kati. Sehemu kubwa ya kilichobaki huliwa na mishahara na matumizi ya kawaida. Kwa hivyo kila mradi wa wadi unashindana na mingine, na ule usiotetewa na mtu huachwa nyuma.

Tatu, tujue kwamba ni haki yetu

Wapo wanaodhani kwamba mkutano wa maoni ni hisani ya viongozi. Katiba, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake.

Mahakama nazo zimeyatilia nguvu maneno hayo. Mwezi wa Aprili 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapa kwetu Pwani, mwezi wa Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Mradi ule haukuwa wa kaunti, lakini funzo ni lilelile: moja katika sababu za uamuzi huo ni kwamba wakaazi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuelewa athari zake na kutoa maoni yao.

Tangazo la Kiingereza pekee nalo lisitunyamazishe. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kumwomba msimamizi wa wadi abandike tangazo kwa Kiswahili si kumsumbua. Ni kumkumbusha wajibu.

Ipo nafasi nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya fedha za umma imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, na miongoni mwa wanaotakiwa kuwakilishwa humo ni wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Wajumbe hao hupendekezwa na jumuiya zao. Je, jumuiya za kina mama wa Kiislamu katika kaunti yako zimewahi kuuliza ni nani anayeketi pale kwa niaba yao?

Mwanamke na mashauriano

Tulipoanza kulizungumza jambo hili mtaani, tulikuta kwamba kizuizi cha kwanza hakikuwa cha serikali. Kilikuwa chetu. Kina mama wengine waliona haya kusema mbele ya wanaume, na wanaume wengine waliona si heshima wake zao waonekane wakizungumzia bajeti.

Dini yetu imelipa jambo la mashauriano uzito mkubwa hata Sura ya 42 ya Qur'ani Tukufu ikaitwa Ash-Shura. Na katika sira tunajifunza yaliyotokea Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa, nao kwa huzuni waliyokuwa nayo hawakuinuka. Akaingia kwa mkewe Umm Salama na kumweleza. Bibi huyo alimshauri atoke bila ya kusema na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Mtume akaufuata ushauri huo, na masahaba walipomwona wakainuka wote wakafanya vivyo hivyo. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alitaka shauri la mwanamke katika saa nzito namna ile, mume wa leo atakuwa na udhuru gani wa kuona aibu mkewe akieleza hali ya chumba cha kujifungulia?

Stara nayo haivunjwi na mkutano. Kina mama waweza kuomba upande wao wa kuketi, waweza kwenda kwa kundi, waweza kumchagua mmoja wao aseme kwa niaba ya wote, na asiyeweza kutoka aweza kupeleka maoni yake kwa maandishi.

Tulivyofanya mwaka uliofuata

Tulikusanyika wanawake kumi na mmoja, wengi wao wazazi wa watoto wa madrasa moja. Jambo la kwanza tulilolifanya ni kuacha kulalamika na kuanza kuandika. Kwa wiki nne, mmoja wetu anayeishi mkabala na zahanati aliweka daftari: leo mfereji umetoa maji, leo haukutoa. Tulipolisoma, kurasa zilizoandikwa “hakuna” zilizidi nyingine kwa mbali.

Kisha tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Hatukuomba “maendeleo ya afya”, kwa sababu ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa kwa kichwa na kusahauliwa. Tuliomba tangi la maji, bomba la kulijaza na sinki katika chumba cha kujifungulia. Tulieleza ni zahanati gani, ni nani wanaoitumia, na daftari letu limeonyesha nini. Tukatia majina na sahihi, tukapeleka nakala kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wetu na kwa karani wa bunge la kaunti, na kila mahali tukaomba nakala yetu igongwe mhuri wa kupokewa.

Tukamwendea pia msimamizi kumwomba mkutano usiwekwe Ijumaa. Alitusikiliza kwa adabu na kuuhamishia Jumamosi asubuhi, katika darasa la shule. Imamu wetu akatangaza baada ya sala, na vijana wale wale wa uwanja wa mpira wakatusaidia kupanga viti.

Mkutanoni, mzee mmoja alisema kwa upole, “Bibi, mambo ya bajeti waachieni wanaume.”

Mkubwa wetu, mwanamke ambaye amewazalisha wajukuu wengi wa mtaa huo, akamjibu kwa upole uleule, “Mzee wangu, mwaka jana tuliwaachia, na mtungi nimeubeba mimi.”

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Baada ya hapo tulisikilizwa.

Baada ya kusikilizwa

Nisimdanganye msomaji kwamba kusema kulitosha. Mradi ulitajwa katika mpango, kisha ukatoweka katika rasimu iliyofuata, nasi tukarudi na ile nakala yenye mhuri kuuliza sababu. Ukarejeshwa. Bajeti ikapita, na miezi ikapita bila ya kuonekana fundi.

Hapa ndipo inapofaa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya kifungu cha 35 cha Katiba. Raia yeyote anaweza kuandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kuuliza: mradi huu umetengewa kiasi gani, mkandarasi ni nani, na kazi itaanza lini? Ofisi inapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kusaidiwa na afisa husika ili ombi lake liandikwe. Kupeleka ombi lenyewe hakulipiwi. Tuliandika barua ya mistari minane. Fundi alikuja kabla mwaka wa fedha haujamalizika.

Kutokana na safari hiyo, nina tahadhari mbili kwa atakayeifuata njia hii. Usitie sahihi orodha ya mahudhurio ya mkutano ambao hukuhudhuria, hata ukiahidiwa nauli na soda. Sahihi yako itatumika kuthibitisha kwamba ulikubali. Na usikubali ombi la mtaa lifanywe kuwa la chama fulani cha siasa. Uchaguzi ukipita, ombi lililovaa rangi za aliyeshindwa hutupwa pamoja na mabango yake, ilhali wagonjwa hubaki palepale.

Leo tangi limesimama juu ya nguzo zake nyuma ya zahanati, na sinki lina maji. Si kila kitu kimekamilika: zahanati bado haina muuguzi wa usiku kila siku, na jambo hilo tayari tumeliandika kwa ajili ya mpango wa mwaka ujao. Lakini mwezi uliopita binti wa jirani yangu alikwenda kujifungua alfajiri, akiwa na kadi yake na kanga zake. Mama yake, kwa mazoea, alikuwa ameuchukua mtungi hadi mlangoni. Akaurudisha jikoni, akafunga mlango, akamfuata mwanawe.

Ndugu msomaji, wiki hii muulize msimamizi wa wadi yako swali moja tu: mkutano ujao wa kutoa maoni utakuwa lini, na tangazo lake litabandikwa wapi? Kisha mwambie jirani yako.